Njia ya Kumzunguka Mkwe

Siku Mwenyekiti Meshaki alipotusomea historia ya mji wetu, nilikaa mstari wa pili ukumbini na kikapu cha maparachichi miguuni, maana nilikuwa nimetoka sokoni moja kwa moja. Alisoma vizuri. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na sauti bado anayo. Akasema mji wa Tukuyu ulianzishwa na Wajerumani waliopanda kutoka ziwani wakikimbia joto na homa, wakaipenda baridi yetu, wakauita mji Langenburg Mpya, wakajenga boma la kuta nene ambalo mpaka leo lina ofisi ndani yake. Akawataja kwa majina na vyeo vyao, hata yule aliyeleta mbegu za maua. Sisi tulitajwa mara moja tu. Tuliitwa "wenyeji", na kazi yetu katika historia ile ilikuwa kuwapokea.

Hasira zangu ziko karibu, mume wangu ananijua. Nilitaka kuuliza kama yale matofali ya boma yalijichoma yenyewe, na kama mawe ya msingi yalipanda mlima kwa miguu. Anyelwisye akanibana mkono. Yeye ni mtu wa kungoja zamu yake, na mara nyingi zamu yenyewe haifiki.

Baada ya historia likaja tangazo. Kamati ya Kumbukumbu ya Mji ilikuwa imepewa mteremko ulio chini ya boma. Pangetengenezwa bustani yenye jiwe la kumbukumbu, na uwanja wa magari ya watalii. Wageni wangekuja kutoka Ujerumani, wajukuu wa mtu aliyeitwa Ewald Kestner, msimamizi wa ujenzi wa boma, ambaye alikufa hapa kwa homa akazikwa mahali fulani kwenye mteremko huo huo, ila kaburi lake lilipotea zamani. Kamati ilikuwa inalitafuta. Na kama kuna familia nyingine yenye mtu wake aliyelala pale, Meshaki akasema, ije ionyeshe kaburi kabla kazi haijaanza. Kaburi litakaloonyeshwa litahamishiwa bustanini kwa heshima zote, na jina la marehemu litachongwa kwenye jiwe. Ambalo halitaonyeshwa, katapila huwa haliulizi.

Hapo ndipo Anyelwisye aliposimama. "Babu yangu Andongwisye amelala pale," akasema. "Mawe ya boma alibeba yeye akiwa kijana, na matofali walichoma yeye na wenzake."

Watu wakageuka kumtazama. Meshaki hakukasirika hata kidogo. Alisema hilo ni jambo kubwa, kwamba mji unahitaji watu kama Andongwisye katika historia yake, na kwamba yeye mwenyewe ataliandika jina hilo kwa mkono wake. Kilichobaki ni familia kumwonyesha alipolala. Mume wangu alisimama pale kidogo zaidi, kisha akakaa. Alikuwa hajui.

Msimshangae. Andongwisye alikufa kabla Anyelwisye hajazaliwa. Zamani ukoo wao ulikaa kwenye mteremko ule, nyumba na migomba yao, mpaka Serikali ilipouchukua ikapanda milingoti, ile mikaratusi mirefu, nao wakahamia huku Kawetele. Mkwe wangu Jairo, baba yake Anyelwisye, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa anasema atampeleka mwanawe amwonyeshe kaburi la babu yake, mvua zikikatika, wakimaliza kuvuna, akipona mguu. Akafa ghafla na ahadi yake. Ndugu zake nao wamekwisha. Katika watu wote waliokuwapo siku ya maziko yale, amebaki mmoja tu, naye ni mama mkwe wangu Esnath, mjane wa Jairo, tunayeishi naye nyumba moja.

Na Mama Esnath ndiye mtu pekee asiyeweza kuulizwa.

Nieleze kwa wasio wa huku. Kwetu mwanamke akiolewa, baba mkwe wake anakuwa kama moto kwake. Hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake, hakai anapokaa wala hapiti anapopita. Akimsikia anakuja anatoka njiani, anajificha migombani na kugeuza uso mpaka apite. Siku hizi mabinti wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia tamthilia pamoja na hakuna anayekufa. Mimi nilipoolewa kutoka Kisondela nilijitahidi miaka michache, kisha Jairo akaugua mguu, mkewe hayupo wa kumlisha, ikabidi nimpe uji kwa mkono wangu, na mwiko ukaishia kwenye kijiko.

Mama Esnath ni wa kizazi kingine. Aliingia kwa kina Andongwisye akiwa binti mdogo, akakaa karibu na mzee yule kwa miaka kadhaa bila kumwona uso. Mpaka leo hajui alikuwa mweusi au maji ya kunde. Alimjua kwa kikohozi chake na kwa mlio wa fimbo yake kwenye mawe. Jina la mzee sijawahi kulisikia kinywani mwake. Anasema "yule mkubwa" na anainamisha kichwa. Wapo wanaosema mkwe akifa, mwiko nao unazikwa. Mama alinijibu kwamba yeye hilo hajaambiwa na mkwe wake.

Ndiyo maana tuliamini anajua kaburi lilipo. Tangu nimefika katika ukoo huu, tukienda sokoni kwa miguu tulipita mteremkoni, maana ndiyo njia ya mkato. Lakini tukifika katikati ya milingoti Mama aliacha njia. Akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, mvua ikinyesha, utelezi umejaa, aliacha njia nzuri iliyonyooka akazunguka kushoto, chini kabisa, halafu akapanda tena upande wa pili. Nilimuuliza mara moja tu. Alisema mtu hapiti juu ya mkubwa. Nami nikazoea kuzunguka nyuma yake kama kondoo, na hata nikiwa peke yangu nilizunguka.

Tuliporudi kutoka ukumbini Anyelwisye alimpigia mama yake magoti, akamweleza habari yote ya kamati na katapila. Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Alisema yeye hajui kitu, na siku ya maziko alikuwa amefunikwa nguo ndani ya nyumba pamoja na wakamwana wenzake, na kwamba kumnyooshea mkwe kidole, hata awe udongoni, ni jambo ambalo hakufundishwa na mama yake. Anyelwisye akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia Mama kwamba heshima yake hiyo itamlaza mkwe wake chini ya matairi ya magari. Alinitazama vibaya, akaondoka na sufuria yake.

Baadaye nilielewa kilichomshika. Aliniambia tukiwa shambani, bila mimi kuuliza. Alizika watoto wawili wa kwanza, kabla ya Anyelwisye, na tangu zamani anajiuliza moyoni kama kuna siku alijisahau akapita karibu na mkubwa, na watoto ndio waliolipa. Hajawahi kumwambia mtu, hata mumewe. Niliacha jembe nikakaa chini. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba jambo kama hilo, akicheka na kuimba kanisani kama wengine.

Wiki mbili hivi zikapita. Wakata miti wakafika mteremkoni, na milingoti ikaanza kuanguka; ukiwa Kawetele upepo ukivuma upande wetu ulisikia misumeno. Mama akaacha kula vizuri. Siku moja asubuhi alitukuta tunakunywa chai, akasimama mlangoni, kitenge kimefungwa kama mtu anayesafiri.

"Sitaonyesha," akasema. "Nitapita njia yangu ninayopita siku zote. Nyinyi mtaangalia nisipopita."

Kamati ilimtuma kijana mmoja anaitwa Abubakary, mpimaji wao, mtoto wa wenye duka la vitambaa pale sokoni. Alikuja na vigingi na kamba, akamsalimia Mama kwa adabu, na tulipomweleza namna ambavyo kazi itafanyika hakucheka. Alisema atamfuata Bibi nyuma, hatamtangulia. Meshaki naye alikuwapo, na koti lake, na Anyelwisye, na mimi.

Miti yote ilikuwa imekatwa. Nilidhani atapotea, maana hata mimi nilipotea. Mteremko niliouzoea umekuwa visiki vitupu na anga. Mama akajifunika khanga kichwani ikashuka mpaka kwenye nyusi, akainama, akaanza kupanda. Alipofika mahali akakata kushoto. Hakusita. Alishuka, akazunguka, akapanda upande wa pili, miguu yake inatafuta mawe ambayo sisi hatukuyaona, na nyuma yake Abubakary anapigilia kigingi kimoja baada ya kingine. Alipofika juu hakugeuka kutazama. Aliendelea kutembea mpaka barabarani, akakaa kwenye ukingo, ametugeuzia mgongo.

Mstari wa vigingi ulikuwa umejipinda kama mpini wa ndoo. Tukaingia katikati yake, na hapo chini ya majani makavu palikuwa na mwinuko mrefu wa mtu aliyelala, wenye mawe yaliyopangwa kwa mkono. Anyelwisye akapiga magoti akalia. Sijamwona akilia hivyo hata alipozikwa baba yake. Meshaki akampa mkono, akatoa kalamu, akaandika jina la Andongwisye mbele ya macho yetu, akaniuliza herufi zake nikamtajia. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilimwona yule mzee ambaye sikuwahi kumjua akichongwa kwenye jiwe pamoja na wale wa vyeo. Nilijiona nimewashinda watu wa ukumbini wote, na nilimkimbilia Mama pale barabarani nikamshika mabega.

"Ndaga fijo, mwanangu," akaniambia, kunishukuru mimi kana kwamba ndiye niliyetembea. "Sasa wamtoe taratibu. Msiache mfupa."

Siku ya kumhamisha, ukoo wote ulikuja. Mafundi wa kanisani walitutengenezea jeneza dogo la mkaratusi, lenye msalaba juu. Wanawake walibaki Kawetele wanapika mbalaga, ndizi zetu, na nyama za watu watakaorudi kutoka makaburini, na Mama alikuwa kati yao, maana mteremkoni asingekanyaga. Mimi nilikwenda. Mzee wa kanisa akaomba, kisha vijana wa ukoo wakaanza kuchimba, na Meshaki amesimama pembeni ameshika kofia yake.

Kwanza jembe liligonga ubao. Tukatazamana. Andongwisye alizikwa kwa mkeka na blanketi, hilo tulilijua hata tusiojua mengine, kwa kuwa Mama alikuwa anasimulia jinsi wakamwana walivyoshona kingo za lile blanketi. Mtu akasema labda ni mzizi. Wakaendelea taratibu, kwa mikono. Zikatoka skrubu zenye kutu, na vifungo vya shaba, na baada ya hapo kiatu kirefu cha ngozi kilichokakamaa, soli yake imejaa misumari. Kulikuwa na mifupa ndani yake. Babu yetu hakuwahi kuvaa kiatu katika maisha yake.

Mzee wa kanisa alifunga kitabu chake. Nilimtazama Meshaki, na nitasema nilichokiona: alijitahidi, aliuma midomo, lakini furaha ilimtoka machoni. Alisogea kando, akapiga simu, na nilimsikia akisema wamempata.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka Rungwe, mlima wote umeshafunikwa. Mifupa ilikuwa juu ya turubai, imetoka na haina pa kuwekwa. Kamati haikuwa imeleta chochote, kwa kuwa siku hiyo haikuwa yao. Watu wakawa wanatazama lile jeneza letu dogo, kisha wanatazama pembeni. Anyelwisye ndiye aliyelisogeza. Alisema mifupa ya mtu hainyeshewi, awe nani. Alimlaza Mjerumani ndani ya jeneza la babu yake kwa mikono yake mwenyewe, akafunga kifuniko, na matone ya kwanza yakaanza kupiga kwenye msalaba.

Tulirudi Kawetele tumelowa, na chakula kilikuwa tayari. Hakuna aliyejua kama tule au tusile. Nikaenda jikoni alikokuwa Mama, nikamwambia yote, ubao, vifungo, kiatu. Nilitegemea atalia. Alikaa na mwiko mkononi, anasikiliza kitu ambacho hakikuwamo jikoni mle.

"Alikuwa anafagia," akasema.

Sikumwelewa. Akaniambia kila jioni, jua likishuka, akiwa amejificha migombani ili mkubwa apite, alimsikia akienda mahali pale, kikohozi na fimbo, na baada ya hapo fagio. Alikuwa anafagia kwa muda mrefu. Kisha kimya, na baadaye sana fimbo inarudi. Yeye akajua pale ndipo mkwe anapokaa, ndipo pake, na tangu siku hiyo hakupakanyaga. Mkwe alipokufa, na yeye yuko ndani amefunikwa nguo, sauti za wanaume zilikwenda upande ule ule. Nani angekuwa na shaka? Mwanamke haulizi kaburi la mkwe. Na mumewe hakuwa na haja ya kumwambia lilipo, kwa kuwa alimwona anazunguka, akaridhika kwamba mke wake ana adabu.

Kumbe miaka yote ile, kwa mkungu kichwani na kwa mvua, tulikuwa tunamzunguka Kestner. Mama alimpa Mjerumani heshima ya baba mkwe, nami nikamfuata nyuma. Na yule mkwe wa kweli hatujui ni mara ngapi tumempita juu.

Nilimkasirikia marehemu, niseme ukweli. Nilimuuliza Anyelwisye ni kitu gani kilichomfanya babu yake afagie kaburi la mtu aliyembebesha mawe. Hakujua, na hakuna aliyebaki wa kujua. Labda Wajerumani waliokimbia vita walimwachia kazi hiyo mpaka watakaporudi, naye hakuambiwa kwamba hawarudi. Labda alimwogopa hata akiwa mfu. Labda walipendana, watu wanaweza kupendana kwa namna za ajabu. Historia ya Meshaki haina mahali pa kumuuliza mtu kama yeye kwa nini.

Kesho yake tulikwenda kwa kamati. Tuliomba muda wa kumtafuta Andongwisye. Meshaki alitupa viti, akaagiza chai, akatusikiliza. Kisha akasema, bila ukali wowote, maneno ambayo ninayakumbuka mpaka leo.

"Tulichimba mlipotuonyesha. Nikisimamisha kazi kwa ajili ya kaburi ambalo hata nyinyi hamlijui, mji mzima utakuja na kaburi lake."

Abubakary peke yake ndiye aliyetutetea. Alimwambia mwenyekiti kwamba familia hii ndiyo iliyoipa kamati kitu ilichoshindwa kukipata, na kwamba haki ni kuwapa angalau nafasi. Akapewa muda mpaka wageni watakapokaribia. Kijana yule alizunguka mteremko na nondo yake anachoma ardhi, Anyelwisye nyuma yake, kila siku wanarudi na matope mpaka magotini. Tulimwomba Mama akumbuke tena zile sauti za wanaume: zilikwenda mbali au karibu, zilishuka au zilipanda. Alijitahidi. Alifumba macho, akanyoosha mkono mara huku, mara kule, na kila alipoushusha mkono alianza kujilaumu upya. Mwisho nilimwambia aache. Kwenye udongo wetu mwepesi, wenye mvua kama hizi, kaburi la mkeka lisilo na jiwe halikai mwaka wa kumi. Kulikuwa na mashimo ya visiki kila mahali, na kila shimo lilifanana na kaburi.

Katapila likaja. Tulisimama barabarani tukalitazama likikwangua mteremko kuanzia juu, udongo mweusi unakunjamana mbele yake, na malori yanapakia yanaondoka. Anyelwisye alikodoa macho kwenye kila koleo la udongo mpaka nikamwonea huruma. Dereva alimwambia kwa upole asogee, asije akaumia. Kufika jioni mteremko ulikuwa tambarare, na kama kulikuwa na mfupa wa mtu ndani ya udongo ule, ulipita mbele yetu tukiwa tunatazama.

Wageni walikuja, ndugu wawili, kaka na dada, wazee. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Yule mama wa Kijerumani alinishika mikono yote miwili, akalia, na mkalimani akaniambia anashukuru familia yetu kwa kulilinda kaburi la babu yake miaka yote hii. Alikuwa na mikono ya baridi na koti lililochakaa, na alimlilia mtu wake kama tunavyolia wetu. Nilimwambia karibu, mama. Ndiyo kazi ya wenyeji, kupokea.

Jiwe lilifunuliwa bustanini, kwenye kaburi jipya. Lina jina la Kestner, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa, na chini yake kwamba alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mji. Jina la Andongwisye Meshaki alikuwa ameliandika kweli, nilimwona akiliandika, lakini alitueleza kwamba jiwe ni la waliolala bustanini, na yule wetu hayumo. Katika hotuba alitushukuru. Baada ya hotuba alimwita mume wangu kando, akamwambia kamati inahitaji mtu wa kuaminika wa kuangalia kaburi na kulifagia, kwa mshahara mdogo, na kwamba wageni wenyewe wameomba awe mtu wa familia ile ile. Nilimwambia Anyelwisye akikubali atafute pa kulala. Alikubali. Analala pale pale anapolala siku zote, maana ana miaka yake na shamba letu ni dogo, na mimi nimechoka kugombana na mtu ambaye usiku hapati usingizi.

Lakini jambo lililotumaliza lilikuja baadaye kidogo, na ni mimi niliyelileta. Mama aliniuliza ule udongo waliupeleka wapi. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimeyaona malori kwa macho yangu, nilikuwa nimewauliza madereva, na sijazoea kumdanganya. Nikamwambia umemwagwa barabarani, kufukia mashimo. Akauliza barabara ipi. Nikasema ya hapa kwetu, ya kwenda kanisani, na ya sokoni, na mwingine ulikwenda upande wa Kisondela, popote palipokuwa na mashimo.

Alisema basi, sawa. Akaendelea kuchambua maharage.

Jumapili iliyofuata hakuvaa kwenda kanisani. Nilidhani ni miguu. Jumapili ya pili vile vile. Alipoacha hata kwenda kuchota maji bombani ndipo nilipoelewa, kwa sababu bomba liko ng'ambo ya barabara. Zamani alikuwa na mahali pamoja pa kuzunguka, na aliweza kupazunguka. Sasa hakuna anapoweza kupita. Amebaki na nyumba, uwanja mdogo, na choo. Huko shambani haendi, maana ni lazima avuke. Anyelwisye alimsihi, nami nikamsihi, nikamwambia mkwe wake anajua yaliyotokea na hana kosa naye. Aliniuliza nimeyasikia wapi hayo.

Mwezi uliopita Mchungaji alikuja kumwona. Ni kijana, ana moyo mzuri, alitembea kwa miguu kutoka kanisani kwenye manyunyu. Alikaa karibu naye, akamshika mkono, akamweleza kwa maneno mazuri kabisa kwamba udongo ni udongo tu, na roho ya mkwe wake iko kwa Kyala, Mungu wetu, haiko barabarani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Nilianza kuwa na matumaini, maana kwa mara ya kwanza alikuwa amenyanyua uso. Akamuuliza amekuja kwa njia gani. Mchungaji akasema hii hii ya kanisani, bado ina matope lakini angalau mashimo wameyaziba. Mama akaitazama miguu yake. Viatu vilikuwa vimejaa udongo mweusi mpaka juu.

Akautoa mkono wake mkononi mwa Mchungaji, akainuka kwa taabu akishika ukuta, ameugeuza uso, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Tangu siku hiyo hakai tena sebuleni.

Mchungaji aliniuliza amekosea nini. Nilimwomba avue viatu akaviache nje, lakini alikuwa ameshapita navyo nyumba nzima.